‘Pasi ndefu’ inavyowakata pumzi wanasoka wanafunzi Mbeya, Iringa

UWANJANI pasi ndefu ni silaha. Beki anainua kichwa, anamwona winga wake kachomoka, anaachia mpira wa mita 40 na jukwaa zima linasimama.

Vyuoni na kwenye mageto ya wanafunzi, pasi ndefu ni kitu kingine kabisa. Ni msemo wa kuruka mlo. Unakunywa chai asubuhi, mchana unaupita kama haupo, unakuja kutua usiku kwenye sahani ya ugali. Wapo wanaoipiga ndefu zaidi, kutoka usiku hadi usiku.

Kwa mwanafunzi anayeshinda darasani, pasi hiyo inamletea usingizi kwenye kipindi cha mchana. Kwa mwanafunzi mwenye jezi begani, anayetakiwa uwanjani saa 10:00 jioni, inamletea jambo ambalo mashabiki wa Sokoine pale Mbeya na Samora pale Iringa wanalijua vizuri: dakika ya 70 imefika, miguu haipo.

Jukwaani watasema dogo hana pumzi. Kocha atasema hajitumi mazoezini. Wachache sana watauliza mchana alikula nini.

NJAA KWENYE GHALA

Ukisikia njaa, huwezi kuifikiria Nyanda za Juu Kusini. Mbeya na Iringa, pamoja na Ruvuma na Rukwa, ndiyo mikoa iliyobeba sifa ya kulisha nchi nzima mahindi kwa miaka mingi.

Mchele unatoka Kyela na bonde la Usangu. Ndizi, parachichi na maziwa vinatoka Rungwe. Viazi mviringo vinashuka kutoka milima ya Uporoto. Upande wa Iringa kuna mahindi ya Ismani, nyanya na vitunguu vya Ilula na samaki wa Bwawa la Mtera. Ukisimama asubuhi kwenye masoko ya Mwanjelwa na Uyole, au ukipita Mlandege mjini Iringa, huwezi kuamini kuna mtu anakosa cha kula.

Takwimu zinasema vingine. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 uliikuta Iringa ikiongoza nchi kwa udumavu, yaani watoto chini ya miaka mitano wenye kimo kifupi kuliko umri wao. Asilimia 56.9 ya watoto wa mkoa huo walikuwa wamedumaa. Njombe ilikuwa na asilimia 50.4 na Rukwa asilimia 49.8. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30.

Yaani kwenye mkoa uliojaa mahindi, zaidi ya nusu ya watoto hawakukua inavyotakiwa. Tumbo linaweza kuwa limejaa na mwili bado ukawa na njaa.

Wataalamu wa lishe wamelieleza hilo mara nyingi. Mtoto anashibishwa uji mweupe na ugali, lakini maharage, mayai, maziwa, mboga na matunda vinamfikia kwa nadra. Mama yuko shambani tangu alfajiri, hivyo mtoto analishwa mara mbili kwa siku badala ya mara nne au tano. Kuku na mayai vinakwenda sokoni kutafuta ada na mbolea. Maji yasiyo salama yanaleta kuhara, na kile kidogo kilicholiwa kinapotea.

Iringa si mgeni wa vita hii. Kuanzia mwaka 1983 vijiji 168 vya mkoa huo viliingia kwenye mpango mkubwa wa lishe uliosimamiwa na Serikali ukisaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani (WHO), kwa fedha za Italia. Watoto walipimwa uzito kijijini na wazazi wakakaa pamoja kujadili kwa nini mtoto fulani hakui na nini kifanyike kwa kilichopo. Utapiamlo mkali ulishuka, na mbinu ya Iringa ikaenda kutumika nchi nyingine.

Kwa mtu wa mpira, habari hiyo ina uzito wake. Kimo, mifupa na nguvu za beki wa kati vinaanza kujengwa ndani ya siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Huko nyuma mwanafunzi wa leo hawezi kurudi. Anachoweza kukibadili ni sahani ya leo mchana.

DAKIKA YA 70 INAANZIA JIKONI

Mchezaji wa kiungo anakimbia kati ya kilomita 10 na 13 kwa dakika 90. Humo ndani kuna mbio fupi za kasi, kuruka, kugeuka na kugombea mipira. Kazi hiyo inatumia zaidi wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini. Hilo ndilo tenki la mchezaji. Halijazwi kwa kikombe cha chai nusu saa kabla ya mechi. Linajazwa tangu jana yake.

Mwaka 1973 mtafiti wa Sweden, Bengt Saltin, alionyesha jambo ambalo hadi leo linafundishwa kwa makocha. Aliwalinganisha wachezaji walioingia uwanjani wakiwa na akiba ya kutosha ya wanga kwenye misuli na wenzao walioingia akiba ikiwa chini. Kundi la kwanza lilikimbia karibu kilomita 12. La pili liliishia kilomita 9.7.

Kibaya zaidi ni namna walivyozimaliza hizo kilomita. Wenye akiba ndogo walitembea nusu ya umbali wao wote, wakati wenzao walitembea kama robo tu. Kwenye mbio za kasi, wenye akiba walikuwa juu kwa mbali.

Nusu ya umbali kwa kutembea! Shabiki anayemwona kiungo wake akirudi kukaba kwa mwendo wa mtu anayetoka sokoni anadhani kijana amedharau jezi. Inawezekana tenki limekauka tu.

Hata wakubwa walijifunza wakiwa wamechelewa. Arsène Wenger alipotua Arsenal mwaka 1996 alibadilisha chakula cha timu, akaondoa chokoleti na kuleta samaki, kuku, mboga na tambi. Mwenyewe amesimulia jinsi wachezaji walivyoimba kwenye basi wakidai warudishiwe Mars zao. Mwaka 1998 walibeba ubingwa wa ligi na Kombe la FA.

HESABU YA SAHANI

Mwongozo wa lishe uliotolewa mwaka 2020 na wataalamu walioitwa na UEFA unataka mchezaji apate gramu sita hadi nane za wanga kwa kila kilo ya mwili wake siku ya mechi na siku moja kabla. Protini inatakiwa gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kilo kila siku.

Namba hizo zinaweza kuonekana za Ulaya. Zilete Mbeya.

Mchukue mwanafunzi mwenye kilo 65. Wanga anaouhitaji unaanzia gramu 390 kwa siku. Hiyo ni karibu sawa na wanga ulio ndani ya nusu kilo ya unga wa mahindi. Kwa mtu aliyekulia kwenye ugali hilo si jambo la kutisha, hasa akigawa kati ya uji wa asubuhi, chakula cha mchana na cha usiku.

Sasa protini. Kiwango cha chini kwa kilo hizo 65 ni gramu 104. Nusu kilo ile ya unga, ukiwa wa dona, inaleta kama gramu 40. Gramu 150 za maharage makavu zinaongeza gramu 33 hivi. Mayai mawili, gramu 12. Vikombe viwili vya maziwa, gramu 16. Ukitupia kiganja cha dagaa wakavu wa Ziwa Nyasa, umefika.

Hakuna kopo la unga wa protini kutoka dukani hapo, wala nyama choma ya kila siku. Ni chakula ambacho bibi wa Tukuyu au wa Kilolo anakijua kwa jina.

Na mahindi na maharage vinasaidiana. Kile kinachopungua kwenye protini ya mahindi kipo kwenye maharage. Ndiyo maana makande, chakula ambacho wanafunzi wengi wamekichoka tangu shule ya bweni, ni mlo wa mwanamichezo hasa. Kinachokosekana pembeni yake ni mboga za majani na tunda.

Kuhusu unga, sembe nyeupe inapendeza machoni, lakini kwenye kukoboa linaondoka ganda na kiini, na humo ndimo kuna sehemu kubwa ya vitamini B, madini na nyuzinyuzi. Dona kutoka kwenye mahindi makavu yaliyohifadhiwa vizuri inampa mchezaji zaidi kwa kijiko kilekile.

BUMU LIKIINGIA, BUMU LIKIKATA

Tatizo la mwanafunzi wengi wanalimalizia kwa neno moja: hela. Ni kweli, lakini si kweli yote.

Kwa wanaopata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, posho ya chakula na malazi ilipanda kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Fedha hiyo haiji kwa siku. Inaingia kwa mkupuo, na hapo ndipo mechi inapoharibika.

Wiki ya kwanza bumu limesoma kwenye akaunti. Ni chipsi kuku, soda, na zege la usiku wa manane. Wiki ya tatu imebaki chipsi kavu. Wiki ya sita ni pasi ndefu, maandazi mawili na chai ya rangi, na kocha wa timu ya chuo anashangaa kwa nini kijana aliyewaka mwanzoni mwa muhula leo anaomba kutoka dakika ya 55.

Wa vyuo vya kati ambao hawana mkopo, na wa sekondari za kutwa wanaotegemea mchango wa chakula cha mchana shuleni, hawana hata wiki hiyo ya kwanza. Mzazi asipochangia mahindi na maharage, mtoto anakaa na chai ya asubuhi hadi jioni, kisha anaitwa kwenye mazoezi ya UMISSETA.

Wanafunzi wanaojipikia wamepata njia yao. Watatu au wanne wanachangia sufuria. Debe la mahindi linasagwa kwa pamoja, maharage yananunuliwa kwa kilo kadhaa mwezi ukianza, mafuta na chumvi vinagawanywa. Maharage yanalowekwa usiku kucha ili yaive haraka na kuokoa gesi au mkaa. Mboga na nyanya zinanunuliwa jioni, wakati wauzaji wanataka kumaliza mzigo.

Kwa wanaokula kwa mama lishe, ujanja uko kwenye kuagiza. Wali maharage yenye mchuzi mzito, mboga za majani na ndizi mbivu ni mlo kamili kuliko sahani ya chipsi, na kwa kawaida hauumizi mfuko zaidi ya chipsi. Mwongozo wa taifa wa ulaji unataja makundi sita ya chakula: nafaka, mizizi na ndizi za kupika, mikunde, karanga na mbegu, vyakula vya asili ya wanyama, mboga, matunda, na mafuta yenye afya. Mezani kwa mama lishe makundi manne au matano yapo. Chipsi zina viazi na mafuta, basi.

KABLA NA BAADA YA FILIMBI

Muda nao una kazi yake. Kama mechi ni saa 10:00 jioni, mlo mkubwa unatakiwa kuliwa kati ya saa 6:00 na 7:00 mchana, ili tumbo limalize kazi kabla ya filimbi. Wali, ugali laini, ndizi za kuchemsha au viazi, pamoja na maharage kiasi au samaki, vinafaa. Mafuta mengi yanakaa tumboni muda mrefu, hivyo chipsi mayai ya saa 9:00 alasiri ni kujifunga bao mwenyewe. Anayesikia njaa saa moja kabla ya mechi, ndizi mbivu moja au mbili zinatosha.

Baada ya mechi ndipo wengi wanapoharibu. Timu imeshinda, watu wanapiga picha, wanarudi geto wamechoka na wanalala bila kula. Saa za mwanzo baada ya mchezo ndizo ambazo misuli inarudisha akiba yake kwa kasi. Uji wa maziwa, viazi vitamu na maziwa ya mgando, au mkate na mayai, vinaanza kazi hiyo mapema. Kwenye mashindano ya shule, ambako timu inaweza kucheza leo na kesho tena, anayekula mapema ndiye anayekimbia kesho.

Maji nayo. Mbeya iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari na Iringa haiko mbali na hapo. Mwezi Juni na Julai baridi ni kali, na mchezaji hasikii kiu. Lakini jasho linatoka, na hewa kavu inaondoka na maji mengine kwa kila pumzi. Mwili ukipoteza asilimia mbili ya uzito wake, ambayo ni kilo 1.3 kwa mtu wa kilo 65, uwezo unaanza kushuka.

Kipimo hakihitaji maabara. Mkojo wa rangi ya njano iliyokolea ni kadi ya njano ya kweli.

Vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo vimejaa kwenye kila duka jirani na chuo, havilipi deni la mlo. Vina kafeini na sukari. Vinachangamsha kwa muda, vinavuruga usingizi wa usiku, na usingizi ndio wakati ambao mwili unajikarabati. Ulanzi wa Iringa na komoni vina historia yake kwenye sherehe, lakini pombe baada ya mechi inachelewesha misuli kurudi kwenye hali yake na inauongezea mwili ukavu.

MABINTI NA SUALA LA DAMU

Soka la wanawake linakua, na timu za wasichana za shule na vyuo sasa zina ushindani wa kweli. Huko kuna jambo ambalo makocha wengi wa kiume wanalikwepa kwa aibu.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Damu ikipungua, oksijeni haifiki kwenye misuli inavyotakiwa. Mchezaji anahema haraka, moyo unamwenda mbio, kichwa kinamuuma. Kwa kocha asiyejua, huyo ni mvivu.

Hedhi inaondoka na madini chuma kila mwezi, hivyo binti anayecheza mpira anahitaji kuyarudisha. Maini, nyama, dagaa, maharage na mboga za kijani vina madini hayo. Yale ya kwenye maharage na mboga yanafyonzwa vizuri zaidi mlo ukiwa na kitu chenye vitamini C, kama chungwa, pera, limau au nyanya mbichi.

Na hapa wenyeji wa mikoa hii wana mtihani. Mufindi na Rungwe ndiko kwenye mashamba ya chai, na chai inanywewa na kila kitu. Chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia sehemu ya madini chuma kuingia mwilini. Haina haja ya kuachwa. Isogezwe tu, ikae saa moja au mbili mbali na mlo. Na binti anayechoka bila sababu aende kituo cha afya akapimwe, asiambiwe aongeze raundi za kuzunguka uwanja.

KAZI YA KOCHA NA CHUO

Mikoa hii haijawahi kuwa ya kubahatisha kwenye soka. Tukuyu Stars ilipanda Ligi Kuu na kuchukua ubingwa mwaka 1986. Mbeya City ilipanda msimu wa 2013/14 na kumaliza ya tatu, juu ya Simba. Lipuli ya Iringa ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mwaka 2019. Vipaji vipo, na vingi vinapitia kwanza shuleni na vyuoni.

Mwaka 2027 Tanzania itakuwa mwenyeji wa AFCON pamoja na Kenya na Uganda. Kwa kijana aliyeko kidato cha tano au chuoni leo, ndoto ya jezi ya taifa si hadithi tena, lakini haitafika kwa miguu inayozima dakika ya 70.

Timu ya chuo haihitaji mtaalamu wa lishe kutoka nje ili kuanza. Kapu la ndizi mbivu kwenye benchi, ndoo ya maji safi yenye bomba, sufuria ya uji wa dona na maziwa baada ya mazoezi ya siku mbili au tatu kwa wiki, na daftari ambalo nahodha anaandika nani leo kala mchana na nani kapiga pasi ndefu. Gharama yake inaweza kuchangwa na wachezaji wenyewe, serikali ya wanafunzi ikiongezea.

Kocha naye akitaka kujua kikosi chake kitacheza vipi Jumamosi, aanze kuuliza Ijumaa jioni kila mmoja atakula nini. Anayejibu kwa kucheka na kutazama chini, huyo apewe sahani kwanza, namba ya jezi baadaye.